Aliyetufundisha Kuchoma Jeli Kabla ya Kuchoma Mtu

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi katika hospitali hii, mwenzetu ambaye wote tunamwita Mzee Bakuli anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri. Huo ndio muda ambao ofisi ya utumishi imepanga kupokea funguo za Chumba cha Mazoezi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, muuguzi wa kliniki ya matiti, niandike wasifu wake katika ukurasa mmoja, tena uwe wa kuchangamsha. Ukurasa mmoja nimeshindwa. Uchangamfu nimeutafuta mpaka uvunguni mwa kitanda, na huo kidogo nilioupata nauweka mwanzoni ili msomaji asiukose.

Tuanze na karatasi zinavyosema. Mzee Bakuli aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tisa, mpishi daraja la pili katika jiko la wagonjwa. Alipewa vyakula laini: supu ya kuchujwa, viazi vya kupondwa, na jeli ya wale waliotoka kupasuliwa tumbo. Jeli yake ilikuwa na sifa. Haikuwa na povu wala mabonge, na ukiigusa kwa kidole ilitikisika kidogo kisha ikatulia kama mtu aliyelelewa vizuri. Mwenyewe alidai wapo wagonjwa walioomba waongezewe siku mbili za kuumwa kwa ajili ya jeli hiyo. Hakuna aliyewahi kuthibitisha, na hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Dirisha la jiko la zamani lilitazamana na dirisha la kliniki yetu, hatua sita tu katikati. Kila tulichofanya, jikoni walikisikia. Na tulichofanya enzi zile, jamani, tusidanganyane kwa sababu ya sherehe, kilikuwa cha kusikitisha. Mama anakuja na uvimbe titini. Inabidi achukuliwe kinyama kidogo kikapimwe maabara, ndiyo hiyo biopsi, ijulikane kama ni uvimbe wa heri au wa shari. Sindano yenyewe ni ndefu, ina springi inayolia tak! kama mtego wa panya, na daktari anaiongoza huku anatazama picha ya ultrasaundi, mkono huku, jicho kule. Ni kazi inayotaka mazoezi. Madaktari wetu vijana waliyafanyia wapi mazoezi hayo? Pale pale, kwa yule mama. Kazi yangu mimi ilikuwa kumshika mkono. Nilibanwa mpaka pete yangu ya ndoa ikapinda, na fundi aliyeninyooshea aliniuliza kama mume wangu ananipiga.

Siku moja daktari mwanafunzi alimchoma mama mmoja mara saba. Sauti yake sitaisimulia. Mchana ule mpishi wa vyakula laini alinisimamisha kwenye korido, akauliza yule mama tulikuwa tunamfanya nini. Nikamweleza kwamba ndani ya nyama kuna kitu cha ukubwa wa harage, daktari anakitafuta kwa sindano, na hajawahi kukitafuta kabla ya leo. Akaniuliza kwa nini hajawahi. Kesho yake asubuhi aliingia kliniki na bakuli lililofunikwa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na jeli iliyochanganywa na unga kidogo, nyeupe, usiyoweza kuona kilichomo, na katikati ya jeli kulikuwa na harage moja. Aliliweka juu ya meza ya daktari bingwa.

“Mwambieni aanzie hapa,” alisema, akarudi kwenye sufuria zake.

Daktari bingwa wa wakati ule, ambaye ameshatangulia mbele ya haki, alikuwa na akili ya kutambua kitu cha maana hata kikiletwa na mtu aliyevaa aproni. Alimwombea mpishi wetu stoo ndogo jirani na kliniki, meza mbili, jiko la umeme, mashine ya ultrasaundi iliyokuwa ikisubiri kutupwa, na friji iliyokataliwa na maabara. Ndicho Chumba cha Mazoezi. Mzee Bakuli alihamia humo na upawa wake na bakuli zake, na hapo ndipo alipopata jina. Amekaa humo miaka kumi na tisa.

Wiki yake ilikuwa haibadiliki. Jumatatu anapika, Jumanne jeli inaganda, Jumatano na Alhamisi madaktari wanachoma, Ijumaa anayeyusha yote na kuanza upya. Harage lilistaafu mapema kuliko yeye, mahali pake pakachukuliwa na kiini cha jeli ngumu iliyotiwa rangi nyekundu, kidogo kama zabibu. Sindano ikirudi na uzi mwekundu wa jeli, umepata. Ikirudi na uzi mweupe, umemuumiza mtu bure. Unga ulifanya picha kwenye mashine iwe na ukungu kama nyama ya kweli, matone machache ya dawa yalizuia jeli isinuke, na ngozi ilikuwa glavu ya mpira iliyokatwa na kunyooshwa juu ya bakuli. Vyote ni vitu vya dukani. Karani wa stoo aliwahi kurudisha ombi letu la jeli pakiti thelathini, akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba hospitali haifanyi sherehe za watoto.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa mshonaji wa hospitali, mama wa chumba cha kufulia, ambaye Mzee Bakuli alimwita dada ingawa hawakuwa na undugu wowote. Mshonaji alitengeneza kiwiliwili cha mwanamke kwa shuka kuukuu, akakijaza pamba, akaacha kifuani nafasi mbili za bakuli. Sheria ya chumba ilikuwa moja: kabla hujachoma, kisalimie kiwiliwili, kieleze unachotaka kufanya, na kionye kuhusu ule mlio wa sindano. Asiyesalimia anarudishwa mlangoni aingie upya kama mtu na akili zake. Wapo mabingwa wa leo wenye vitambi ambao walirudishwa mara tatu kwa kukosa adabu mbele ya shuka.

Na lile tangazo la mlangoni mwa friji, HILI NI TITI, SI CHAKULA, wageni hudhani ni mzaha. Si mzaha. Karani wa masjala alikula nusu ya somo la Jumatano, akarudisha kijiko kimeoshwa vizuri, akasema jeli ni tamu ila imepungua sukari. Alifuatiliwa hali yake siku mbili, hakupatwa na lolote isipokuwa jina ambalo kamati imenikataza kuliandika.

Nina daftari langu ambalo ndani yake, kwa kila mama niliyemshika mkono, niliandika amechomwa mara ngapi. Kabla ya chumba kile: nne, tano, saba, nne. Mwaka wa pili wa chumba: mbili, moja, moja, mbili. Madaktari mia mbili na kumi na wanne wamepita kwa Mzee Bakuli. Mkono wangu uliwatambua kabla hata ya daftari, maana mama akiwa na daktari aliyechoma jeli, vidole vyake vinalegea mapema. Hayo ndiyo mafanikio, na hapo ndipo uchangamfu wangu unapoishia. Kamati inisamehe.

Mwaka wa nane wa chumba, mshonaji alihisi uvimbe. Alikuja kliniki anacheka, akasema anakuja kukagua kama kazi ya sindano yake imefundisha sindano zetu. Alipangiwa daktari bora kuliko wote tuliowahi kuwafundisha, kijana mrefu ambaye hakuwahi kurudi na uzi mweupe hata mara moja. Alimsalimia. Alimweleza. Alimwonya kuhusu mlio. Alichoma mara moja, safi, na mshonaji hakunibana mkono hata kidogo. Majibu yakarudi heri, tukakumbatiana kwenye korido kama watu waliofaulu mtihani.

Miezi tisa baadaye uvimbe ulikuwa umeshika mbavu. Kipimo cha pili kilisema shari, tena shari ya siku nyingi. Sindano ile ya kwanza ilichukua mafuta matupu. Kwenye picha kulikuwa na kivuli katika kina ambacho mkono wa daktari ulikizoea, akakiamini kivuli, kumbe uvimbe wenyewe umelala chini zaidi, karibu na ukuta wa kifua.

Mzee Bakuli alipata habari. Aliingia chumbani kwake, akatoa bakuli zote kwenye friji, akazikata jeli moja moja kwa kisu na kupima kwa rula. Nilimkuta meza imejaa vipande. Kila kiini kilikaa sentimita mbili chini ya ngozi. Kila kimoja. Alikuwa na upawa mmoja: unamimina upawa wa jeli, unasubiri ishike, unaweka kiini, unamimina upawa mwingine juu yake. Miaka minane, upawa ule ule na mkono ule ule. Hakuna aliyeona, wala mimi niliyekuwa nauosha upawa huo. Tulikuwa tumewafundisha madaktari wote wale kwamba ugonjwa unakaa sentimita mbili, na wao, kwa kuwa walikuwa wanafunzi wazuri, walitusikiliza.

“Sista,” aliniambia, rula bado iko mkononi, “pale alipochoma ndipo nilipomfundisha.”

Alikuwa anasema kweli. Daktari mrefu alikosea, na mashine ilikuwa mbovu, na mimi nilishangilia majibu badala ya kuuliza kwa nini uvimbe unaendelea kushikika. Lakini mtu huwa kama alivyofundishwa, na aliyefundisha ni sisi. Majuto ni mjukuu. Mzee Bakuli alipanda mwenyewe wodini akamweleza mshonaji yote, upawa na sentimita na kila kitu, bila kujificha nyuma ya mtu. Alinisimulia baadaye kwamba mshonaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama ameshatafuta upawa mwingine. Alifariki mwezi wa tatu baada ya hapo. Sanda yake ilishonwa na mtu ambaye hakujua kupinda mshono, na Mzee Bakuli aliusema mshono ule kwa uchungu wiki nzima, kwa sababu la kulia lenyewe alishindwa kulilia.

Alichofanya baada ya msiba ndicho ninachotaka kibaki kimeandikwa mahali, hata kama ni katika kijitabu kitakachofungiwa vitafunio. Alisema mkono wake una mazoea na haufai tena kuaminiwa. Tangu siku hiyo hakuweka kiini hata kimoja kwa mkono wake. Kila Jumanne asubuhi, jeli ikiwa imeanza kushika, alibeba sinia la bakuli mpaka korido, akamwomba yeyote aliyepita atumbukize kiini popote anapotaka, kwa kina chochote, huku yeye mwenyewe amegeukia ukuta. Mfagizi aliweka. Mlinzi aliweka. Watu waliokuja kuona wagonjwa waliweka, na mmoja, mwalimu wa hesabu, alichukua robo saa akichagua. Bakuli nyingine alizifunika bila kiini kabisa, ili daktari ajifunze kutamka maneno magumu kuliko yote katika kazi yake, yaani sijapata kitu, tutafute tena.

Wiki ya kwanza ya utaratibu huo, kati ya madaktari kumi na wanne, kumi na mmoja walirudi na uzi mweupe. Wengine walikasirika. Daktari mrefu hakukasirika. Alikuja kila Alhamisi kwa mwaka mzima, akisalimia kiwiliwili alichokishona yule mama, akichoma bila kuzungumza na mtu, kisha akaomba uhamisho. Baada ya yeye kuondoka, kwa miaka tisa, sikuandika tena katika daftari langu mama aliyeambiwa ni heri kumbe ni shari. Msomaji mwenye moyo mzuri atasema basi, alhamdulillahi, mambo yalitengemaa. Asubiri kidogo.

Kwa karatasi, Mzee Bakuli hakuwahi kuhama jikoni. Mpaka leo yeye ni mpishi daraja la pili. Jiko la wagonjwa lilifungwa miaka sita iliyopita na chakula sasa kinaletwa kwa gari, kwa hiyo nafasi yake inafutwa siku anayoondoka, na hakuna wa kumrithi kwa kuwa hakuna cha kurithi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Huyu alikuwapo kila siku, na lake bado halipo. Niliandika barua tisa kuomba apewe mtu wa kumfundisha. Nilijibiwa moja, ikanijulisha kwamba hospitali imepokea mdoli wa kisasa.

Mdoli ni mzuri, sikatai. Alikuja katika sanduku kubwa kama kabati, ana ngozi laini na hata doa dogo la kuzaliwa begani, na tulipiga naye picha nyingi. Ila ngozi ya akiba haikuletwa. Baada ya miezi miwili ya kuchomwa amebaki na tundu mbili zinazoonekana mpaka mlangoni, na kila daktari anaingiza sindano humo humo, maana tundu linamwita. Jeli ya Mzee Bakuli ilipona kila Ijumaa ilipoyeyushwa. Mdoli haponi. Nilimpima kwa rula ile ile: sentimita mbili na nusu, kila siku, kwa kila daktari. Nilikwenda kwa mkurugenzi, ambaye ni mtu mwema na alinisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Akanionyesha kwamba idadi ya wanaofaulu haijawahi kuwa kubwa kama sasa. Nilimwambia ndicho ninachokiogopa. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama muuguzi aliyechoka.

Nikasema basi, nitajifunza mwenyewe. Nilikaa na Mzee Bakuli Jumamosi nne. Jeli yangu iliingia povu, na povu kwenye mashine linaonekana kama uvimbe kumi na tano. Daktari mmoja maskini alichukua kinyama cha hewa akanishukuru. Ya pili ilikataa kuganda. Ya tatu ilikuwa ngumu, sindano ikapinda. Daftari la mapishi lipo, amenikabidhi, lakini kila nilipofika penye jambo lenyewe nilikuta ameandika koroga mpaka mkono ukubali. Mkono wangu haukukubali. Una miaka ishirini na tano ya kushikwa na watu, labda hauwezi tena kingine. Jumamosi ya nne nilimwaga sufuria nzima kwenye sinki, na sinki likaziba.

Wiki iliyopita nilimkuta akipanga bakuli ishirini na mbili kwenye boksi ambalo ofisi imeliandika VYOMBO VYA JIKONI. Chumba kitawekwa majalada. Nilimuuliza, kwa hasira, maana sikuwa na kitu kingine kilichobaki, sasa tutafanya nini.

“Washike mikono tu, Sista,” akaniambia. “Hiyo unaiweza.”

Hakuwa ananikejeli. Alitafuta matumaini ya kunipa, akayakosa, na si mtu wa kusema uongo. Nililia pale pale, na yeye ambaye hajui kubembeleza aliniletea karatasi ya kufutia mikono, akaendelea kupanga.

Basi, Mzee wetu, umefanya kazi. Unakwenda kuishi kwa binti yako, umeapa hutapika jeli tena hata kwa wajukuu, na hakuna wa kukulaumu. Tunakushukuru kwa niaba ya madaktari mia mbili na kumi na wanne, na kwa niaba ya akina mama ambao walichomwa mara moja wakaenda zao bila kujua kwamba kuna mtu aligeukia ukuta kwa ajili yao. Tunakuombea usingizi mtulivu na siku nyingi zisizo na haraka.

Tunakuombea na afya njema. Najua kila mstaafu huombewa afya, ni maneno ya kujazia kadi, lakini mimi nimeyapima. Jumatatu wanaanza madaktari wapya kumi na wanane. Watajifunzia kwenye tundu mbili za mdoli, watafaulu wote, kisha wataletwa kliniki. Mimi nitakuwepo, na siwezi kuwazuia. Kwa hiyo nakuomba, Mzee wangu, wewe na binti yako na wajukuu zako wa kike: msiugue. Tafadhali, msiugue.